Mashine Kuukuu ya Marobota Isiuzwe Chuma Chakavu Kabla ya Kupimwa

Masika yanapokwisha, nyasi katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama huwa nyingi kuliko mifugo inavyoweza kula. Kiangazi kinapokolea, mfugaji yule yule huuza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya kutupa. Kinga ni kukata nyasi zinapoanza kuchanua, kuzianika na kuzifunga marobota. Mwenye mashine kuukuu ya kazi hiyo nyuma ya boma aipime kwanza kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, usafi. Nyasi zilizooza ziondolewe, kutu isuguliwe, minyororo na beringi vipakwe mafuta na grisi.

Pili, izungushwe kwa mkono. Shafti ya trekta ikiwa imechomolewa, gurudumu zito lizungushwe taratibu kuelekea upande wake wa kawaida. Sindano zinazopitisha kamba zipite katika mianya ya pistoni bila kugusa chuma. Zikigusa, majira ya mashine yamepotea; trekta likiwashwa, zitavunjika. Hapo aitwe fundi.

Tatu, bolti ya usalama. Bolti hiyo imekusudiwa kukatika mashine inapozidiwa. Anayeweka iliyo ngumu zaidi huokoa bolti na kupoteza gia.

Nne, visu na fundo. Kisu cha pistoni na kile cha kukatia kamba vinolewe, na sehemu ya kufungia fundo isafishwe kutu. Itumike kamba ya katani yenye unene ulio sawa.

Tano, majaribio. Springi za kubana robota zilegezwe, kwa kuwa kutu ya ndani hushika nyasi na kuielemea mashine. Zikazwe kidogo kidogo kadiri kuta zinavyong'aa. Kamba ikikwama, trekta lizimwe kabla ya mkono kuingia. Mashine haimjui mwenyewe.

Je, yanahitajika marobota mangapi? Ng'ombe wa kilo 250 anayetegemea nyasi kavu pekee hula takriban kilo 7 kwa siku. Kwa siku 90 atahitaji kilo 630, yaani marobota 32 ya kilo 20.

Mashine isiyofaa tena isimkatishe mtu tamaa. Boksi la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, lililo wazi juu na chini, hutoa robota la takriban kilo 20 kwa kushindilia nyasi kwa miguu.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Nyasi zilizofungwa zikiwa mbichi, hata hivyo, huota ukungu, hupata joto na zaweza kuwaka moto ghalani. Zianikwe mpaka zikauke, kisha marobota yapangwe juu ya magogo, chini ya paa.

Kwa ushauri, wananchi wamwone Afisa Mifugo wa Kata mapema, kabla nyasi hazijapoteza ubora wake.