MTU NA WENZIWE: Somo la Malezi, Makundi, Kukhalifu Desturi, na Daraja

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu ni khabari za watu wakaapo pamoja: namna waleanavyo, wajikusanyavyo makundi, wahesabianavyo makosa, na wapandishanavyo na kushushana daraja. Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Misri mwaka 1406, aliieleza katika dibaji ya taarikh yake mwaka 1377, naye aliwatangulia kwa zaidi ya miaka mia nne wanavyuoni wa Ulaya walioipa jina lake la sasa.

Mfano wetu tutautwaa Ugogo, katika Zuzu, iliyo upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, kando ya reli ya kati. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu wa pwani akilisikia jina hilo hucheka, kwani katika lugha yetu zuzu ni mtu mjinga; na jina la mahali si sifa ya watu wake. Ya pili, watu wa miji ya pwani wamempa Mgogo jina la ombaomba, na wengi wetu tukimwona mtu amenyosha mkono mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa, husema, "Huyo katoka Dodoma," kabla ya kumwuliza kwao ni wapi. Basi na tulipime neno hili kwa mizani ya elimu.

1. MALEZI

Mtoto hazaliwi na desturi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mtoto huzaliwa katika umbile safi, kisha wazazi wake ndio wamwelekezao. Na wenye elimu hii husema hivyo hivyo katika lugha, na chakula, na haya, na heshima: yote hayo mtu huyapokea kwa waliomlea, hatta akadhani amezaliwa nayo.

Mtoto wa Lamu au wa Unguja hufunzwa kuamkia wakubwa na kuketi chuoni mbele ya mwalimu. Mtoto mwanamume wa Kigogo hupewa kwanza ndama na mbuzi achunge, na akikua hupewa ng'ombe. Na jandoni wazee humfunza mambo yampasayo mtu mzima. Watoto hawa wakikutana, kila mmoja humwona mwenziwe hana adabu, na hali wote wawili wana adabu, ila hawakulelewa na mwalimu mmoja.

Yako malezi mengine ya Ugogo ambayo sisi hatuyajui, nayo ni malezi ya njaa. Sisi tuna masika na vuli. Wao wana msimu mmoja tu wa mvua, kwa kadiri tangu Desemba hatta Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 570. Ikikosa, mtama na uwele hukauka shambani. Basi mwenye njaa hufunga safari akaenda kwa ndugu au rafiki aliyepata mvua, akaomba nafaka, au akatoa mbuzi au kazi ya mikono yake. Jambo hili huitwa kuhemea. Leo wewe wahemea kwangu, mwaka mwingine mimi nahemea kwako. Katika ada hiyo aombaye hana aibu; aibu ni ya mwenye kunyima.

2. MAKUNDI

Mmarekani Charles Horton Cooley aliandika mwaka 1909 kuwa liko kundi la asili ambalo watu wake hujuana kwa nyuso, kama watu wa nyumba moja, majirani, na watoto wachezao pamoja. Waliomfuata wakaongeza kundi la pili, ambalo watu wake hukutana kwa shughuli tu, kama afisi, soko, na mji mkubwa.

Kuhemea ni jambo la kundi la asili. Aombaye hujulikana jina lake na la baba yake, na mwenye kutoa hujua kuwa iko siku ya kulipana. Mtu huyo huyo akishuka gari la moshi Dar es Salaam, apitaye njiani hamjui, wala hapana mwaka wa kulipana. Ombi ni lile lile. Lililobadilika ni kundi. Kule lilikuwa haki ya udugu, huku limekuwa mkono mtupu mbele ya mgeni.

Wala msidhani kuwa kundi ni damu tu. Koo nyingi za Wagogo zasimulia kuwa wazee wao walitoka Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru, na Umasaini, wakawa Wagogo kwa kukaa pamoja na kuoana. Na sisi watu wa pwani tukizihesabu nasaba zetu kwa kweli, tutaona mambo ni hayo hayo.

3. KUKHALIFU DESTURI

Hapa yapasa kutenga mambo matatu. Dhambi ni kuasi amri ya Mwenyezi Mungu. Jinai ni kuvunja kanuni ya serikali. Kukhalifu desturi ni kutenda jambo ambalo macho ya watu hulichukia. Mara nyingine matatu haya huwa pamoja, na mara nyingine huachana. Na desturi, tena na kanuni, hubadilika kwa zama na mahali.

Litazameni neno hongo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, na watemi wa nchi wakitoza nguo, ushanga, na waya wa shaba, kuwa haki ya njia na ya maji. Hilo ndilo lililoitwa hongo, nalo likitolewa mchana mbele za watu. Leo hongo ni rushwa, na mwenye kuitwaa hujificha. Neno ni moja, na hukumu zake ni mbili.

Mmarekani mwingine, Howard Becker, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuwa ubaya wa namna hii hautoki katika kitendo peke yake, bali na katika jina ambalo wenye nguvu humpa mtendaji. Aliyekwisha itwa mhuni au ombaomba hapewi kazi wala nyumba, wala hasadikiwi neno lake. Mwisho husaliwa na njia moja tu, nayo ni ile iliyo katika jina lake. Mwaka 1983, kwa sheria ya Nguvu Kazi, serikali ya Tanzania iliwakamata Dar es Salaam watu walioitwa wazururaji ikawapeleka mashamba. Na wengi wao walikuwa watu wa kazi ndogo ndogo, ila hawakuwa na karatasi ya kuwashuhudia.

Dini yetu imemkataza kuomba mwenye cha kumtosha, na imempa mwombaji haki katika mali ya tajiri. Katika amri zote mbili hapana iliyotuagiza kuuliza kabila.

4. DARAJA

Mjerumani Max Weber, aliyekufa mwaka 1920, alitenga mambo matatu katika daraja za watu: mali, heshima, na nguvu ya kuamuru. Mtu aweza kuwa na moja akakosa jingine. Pwani tumeliona hili: utumwa ulikoma kutambuliwa na sheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini maneno ya muungwana na mtumwa yaliendelea kusemwa penye posa na harusi.

Na daraja haikai. Zama za misafara, aliyeomba maji alikuwa mtu wa pwani, na mwenye kisima alikuwa Mgogo. Kisha vikaja Vita Vikuu vya kwanza: majeshi, ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza, yakatwaa ng'ombe, nafaka, na wapagazi, na mvua ikakosa, ikawa njaa kuu ya mwaka 1917 hatta 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya, wakafa maelfu ya watu. Mwenye zizi akawa hana mbuzi wa kuhemea.

Mwaka 1973 ikakatwa shauri kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na mwaka 2018 ikawa jiji. Zuzu leo ni kata ya jiji hilo, na shamba la mtama laweza kugeuka kiwanja chenye thamani. Mwenye kulishika atapanda; mwenye kuliuza kwa njaa ya mwaka mmoja atashuka, na huenda mwanawe ndiye mtakayemkuta mlangoni pa msikiti.

KHATIMA

Basi tumejua kuwa aombaye aweza kuwa amelelewa vizuri katika kundi lake, kisha njaa ikamtoa humo, na mji ukampa jina kabla ya kumpa salamu. Mwenye kumpa na ampe, na asiye nacho amwambie neno jema. Lakini jina la ombaomba asimwite, wala asimcheke kwa kwao.

MASUALA KWA WASOMAJI

1. Ni desturi gani tatu ulizozipokea katika malezi, ukadhani watu wote wanazo?
2. Ni nini tofauti ya dhambi, jinai, na kukhalifu desturi? Toa mfano wa kila moja katika mji wako.
3. Kwa nini kuhemea si aibu Ugogo, na kuomba ni aibu mjini?
4. Mtaani kwako ni nani aliyepewa jina lililomfungia njia, na ni nani awezaye kumwondolea?