Kazi ya Mwalimu wa Kwaya

Watu wengi hudhani kwamba mwalimu wa kwaya ni mtu apungaye mikono mbele ya waimbaji. Kupunga mikono ni sehemu ndogo ya kazi yake, tena ni ya mwisho. Naandika haya kwa sababu wanafunzi watatu wa Kidato cha Tatu wameniuliza kama kazi hiyo yaweza kumlisha mtu, na wazazi wao, nijuavyo, wangependa jibu liwe hapana.

Hebu tutazame kwanza ng'ambo ya ziwa, kwani sisi wa Sibwesa tu karibu na Kongo kuliko Dar es Salaam. Mwaka 1953 padre Mbelgiji, Guido Haazen, alifika Kamina katika Katanga. Akakusanya wavulana wapatao 45 na walimu 15, akaunda kwaya. Mwaka 1958 waliimba Missa Luba: maneno ni ya Kilatini, lakini sauti na mapigo ni ya Kikongo. Sanctus yake ilitokana na wimbo wa kuagana, na Hosana ilifuata mwendo wa ngoma ya Kasai. Haikuandikwa kwanza kwa nota. Waimbaji waliitunga wakiimba, mmoja akianza na wengine wakipokea. Mwaka huohuo wakaenda kuimba Ulaya.

Baadaye Mkenya Boniface Mganga aliifundisha misa hiyo kwaya ya taifa ya Muungano, na rekodi yao ilitoka mwaka 1990. Fikirini kazi iliyomkabili! Wimbo uliozaliwa vinywani mwa watu wengine hauna budi uimbwe sawasawa, lakini usisikike kama somo lililokaririwa.

Kwa hiyo mwalimu hufanya kazi kabla ya mazoezi. Huimba peke yake sauti zote nne, moja baada ya nyingine, apate kujua besi watachoka wapi. Hupima kimo: sauti ya kwanza wakipiga kelele badala ya kuimba, wimbo wote hushushwa. Kisha huyatazama maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Tamka barabara ukikaza "ba" ya pili, utapata njia ya magari. Kaza "ra" ya kwanza, utapata sawasawa. Tuni nyingi zilizotoka Ulaya hukaza mahali pasipofaa, nasi tumezizoea hata hatusikii tena. Mimi huona hilo ni kosa kubwa kuliko kupotea kwa nota moja.

Sasa habari ya chakula. Walimu wengi wa kwaya nchini hawalipwi mshahara kwa kuimbisha. Hula kwa kazi nyingine, aghalabu ualimu. Mganga mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Voi mwaka 2002. Lakini elimu ipo: muziki hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tumaini Makumira kule Arusha, na TaSUBa, Bagamoyo. Wazazi, kijana atakayesomea muziki pamoja na ualimu hatalala njaa. Atakayetegemea kwaya peke yake, hapo nawaunga mkono.

Wale watatu waje Jumamosi saa nne na madaftari. Kila mmoja awe amejifunza besi ya Wimbo wa Taifa, siyo sauti ya kwanza, maana hiyo kila mtu anaijua.