Kubadilisha Ncha za Tairodi Nyumbani: Somo kwa Wenye Gari

Safu hii ya mafunzo inakusudia leo kuwaelekeza watumishi wa Serikali na wananchi wenye gari zao binafsi namna ya kuzitambua tairodi zilizolika, na namna ya kuzibadilisha ncha zake nyumbani kwa zana za kawaida. Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kufungua na kufunga si kazi ngumu. Mtu mwenye subira aweza kuumaliza upande mmoja kwa saa mbili. Penye hatari ni mambo matatu yanayodharauliwa, nayo ni kipimo cha urefu, nati ya ncha na pini yake.

Tairodi ni fimbo ya chuma inayoiunganisha reki ya usukani na gurudumu la mbele, na kila upande una yake. Dereva anapozungusha usukani, reki huenda kushoto au kulia, na tairodi huuvuta au kuusukuma mkono wa chuma uliopo nyuma ya gurudumu, nalo gurudumu likageuka. Kwenye mwisho wa nje wa fimbo hiyo pana tufe dogo la chuma lililokaa ndani ya kikombe chenye grisi, nalo limefunikwa kwa mpira. Tufe hilo ndilo linaloliruhusu gurudumu kupanda na kushuka mashimoni bila ya fimbo kuvunjika. Mafundi huiita sehemu hiyo tairodi endi. Hapa tutaiita ncha ya nje. Ipo na ncha ya ndani, iliyofichwa katika kifuko cha mpira chenye mikunjo pale inapoungana na reki.

Breki ya mguu ikishindwa, ipo breki ya mkono. Taa moja ikizimika, ipo ya pili. Tairodi haina naibu. Ikichomoka, gurudumu la upande wake huelekea litakako, ilhali la pili bado linamtii dereva, na hapo usukani haumfai kitu tena.

Hapa Visiwani sehemu hizi hazidumu kama zinavyodumu zilikotengenezwa. Gari zetu nyingi ni zile zilizokwisha kutumika Japani, na zinapoteremshwa bandarini mipira yake huwa imeshazeeka. Mpira ukipasuka, vumbi la mawe ya matumbawe la barabara za vijijini huingia ndani, kisha yakafuata maji ya masika na ya vuli, na grisi ikatoka. Baada ya hapo tufe husagika ndani ya kikombe chake kama pilipili kinuni. Hewa ya chumvi nayo hufanya kazi yake juu ya nati na nyuzi, hata siku ya kufungua mtu akadhani ziliungwa kwa moto.

Dalili ni hizi. Usukani huwa na nafasi tupu, yaani mtu huuzungusha kidogo na gari isiitikie. Husikika mgongano wa chuma mbele gari inapopita kwenye mashimo kwa mwendo mdogo. Gari hutangatanga barabarani na kumlazimisha dereva kuirudisha kila mara. Tairi za mbele huliwa upande mmoja, wa ndani au wa nje, ilhali upande wa pili bado una maua yake. Hata hivyo, dalili hizi peke yake hazitoshi kuwa hukumu, kwa kuwa bolijointi, beringi na hata bushi hutoa malalamiko yanayofanana na hayo.

Hukumu hupatikana kwa kupima. Gari isimamishwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe mawe, kisha mbele painuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi. Lishike gurudumu kwa mikono miwili ubavuni, mkono mmoja mbele na mmoja nyuma, mfano wa saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa ya ukutani, ulitikise kwa nguvu. Kisha lishike juu na chini, ulitikise tena. Likicheza ubavuni tu, mtuhumiwa wa kwanza ni tairodi. Likicheza juu na chini tu, tazama bolijointi. Likicheza kote kuwili, anza na beringi. Ili kujua ni ncha ipi iliyolika, mwenzio atikise na wewe uweke vidole juu ya ncha ya nje: mchezo utausikia mkononi kabla ya kuuona kwa macho. Ikiwa ncha ya nje imetulia, kibonye kile kifuko chenye mikunjo mpaka uishike ncha ya ndani, upime vilevile. Mpira uliopasuka ni sababu tosha ya kubadilisha ncha hata kama haijaanza kucheza, maana uhai wake umebaki mdogo.

Mwandishi wa makala haya ana haki ya kusisitiza habari ya pini. Miaka mingi iliyopita nilibadilisha ncha ya gari yangu mwenyewe uani, jua linakuchwa, na pini mpya ikanidondokea mchangani nisiione. Nikachukua msumari, nikaukunja, nikajiambia kuwa kesho nitanunua nyingine. Kesho hiyo ilichukua miezi saba. Nikiwa narudi mjini kutoka Makunduchi nikasikia mgongano, nikaongeza sauti ya redio. Fundi aliyeinua gari siku ya pili aliniita nitazame: msumari umeoza kwa kutu na kukatika, na nati imebakiwa na nyuzi tatu tu. Aliizungusha kwa vidole. Hakuniambia neno, nami sikuwa na la kusema.

Katika kununua spea, andika namba ya chasisi na uende nayo dukani, kwa sababu gari mbili za jina moja na umbo moja zaweza kuwa na ncha tofauti. Katika gari nyingi ncha ya kushoto si ya kulia. Ilinganishe mpya na ya zamani: unene wa msumari wake uliochongoka, ukubwa wa nyuzi na mpindo wa shingo. Hakikisha ndani ya paketi mna nati na pini. Ncha mpya ikicheza ovyo kwa kidole kama kengele, irudishe. Inayofaa huwa nzito kidogo kugeuka, na kugeuka kwake ni laini.

Zana zinazohitajika ni jeki, stendi mbili, spana za saizi zake, koleo, burashi ya waya, utepe wa kupimia, rangi kidogo au kipande cha chaki, mafuta ya kulainisha kutu, nyundo, na pula ya ncha kama unaweza kuazima. Nyua zetu nyingi ni za mchanga, kwa hivyo weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Asiingie mtu chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, walau kwa dakika moja.

Legeza nati za gurudumu gari ikiwa bado chini, kisha inua na uliondoe gurudumu. Sugua nyuzi kwa burashi na uzimwagie mafuta; ukiweza kufanya hivi usiku wa kuamkia kazi, asubuhi utajishukuru.

Sasa ndipo pa kipimo, na hapa pasifanyiwe haraka. Tia alama ya rangi juu ya fimbo, mahali pasipo na nyuzi, kisha pima kutoka alama hiyo hadi katikati ya msumari wa ncha. Andika kwenye karatasi, kwa milimita. Watu wengi hupima kutoka kwenye nati ya kufungia iliyopo juu ya fimbo, nao hukosea, kwa kuwa nati hiyo ndiyo ya kwanza kulegezwa na haibaki mahali pake. Wengine hutegemea kuhesabu mizunguko peke yake. Kuhesabu ni shahidi mzuri lakini asitoe hukumu, kwani ncha ya kiwanda kingine yaweza kuwa fupi au ndefu kwa milimita kadhaa.

Sababu ya ukali huu ni hii. Nyuzi za fimbo katika gari ndogo nyingi huwa na hatua ya milimita moja na nusu, na mkono wa gurudumu ni mfupi kuliko gurudumu lenyewe. Kwa hivyo mzunguko mmoja tu wa kosa huweza kuupotosha ukingo wa rimu kwa milimita tatu au zaidi, ilhali kiwango kinachotakiwa kwa gari ndogo nyingi, magurudumu yote mawili kwa pamoja, ni baina ya sifuri na milimita mbili. Tairi mpya zikiendeshwa katika upotofu huo huisha kabla ya wakati wake, na ni ghali kuliko ncha yenyewe.

Baada ya kupima, legeza nati ya kufungia robo mzunguko wakati ncha bado imeshikwa na gurudumu, maana ikishachomolewa huna pa kuizuia. Nyoosha na uchomoe pini, ulegeze nati ya ncha, lakini usiitoe yote. Iache kwenye nyuzi mbili tatu ili ncha isije ikakurukia. Msumari huu umechongoka na umekaa kwenye tundu lililochongoka, ndiyo maana hautoki kwa kuvutwa. Tia pula. Kama haipo, piga nyundo ubavuni mwa jicho la ule mkono wa gurudumu, mapigo mazito mawili matatu, mpaka mshiko uachie. Usiupige msumari wenyewe kichwani, hata kama ncha ni ya kutupwa, kwani ukikwama baada ya kutanuka utatafuta msumeno. Iwapo msumari unazunguka pamoja na nati, isukume ncha kwa jeki ndogo kutoka upande wake mpana mpaka ikaze tunduni, kisha uendelee na nati.

Zungusha ncha uitoe kwenye fimbo, ukihesabu. Katika gari za namna ya zamani zenye bomba la kurekebishia katikati, upande mmoja huwa na nyuzi za kushoto, basi tazama kabla ya kutumia nguvu. Safisha fimbo, ingiza ncha mpya kwa hesabu ileile, kisha pima kutoka kwenye ile alama na urekebishe mpaka karatasi na utepe vikubaliane. Tundu na msumari vifutwe vikauke. Usitie mafuta wala grisi hapo, kwa sababu mshiko wake ni wa chuma kwa chuma.

Kaza nati ya ncha kwa kiwango cha kitabu cha gari. Vitabu vingi vilivyokuja na gari hizi vimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu, na jedwali lake husomeka. Gari ndogo nyingi huhitaji baina ya niutoni-mita 35 na 50. Asiye na spana ya kupimia aweza kukadiria: kwenye spana ya sentimita 25, mvuto wa uzito wa kilo 16 mwishoni mwake hutoa takriban niutoni-mita 40. Tundu la pini lisipolingana na meno ya nati, kaza zaidi mpaka lilingane. Kulegeza ili lilingane hakufai kwa hali yoyote. Tia pini mpya, uikunje miguu yake yote miwili. Ikiwa nati ni ile yenye nailoni ndani isiyo na pini, nayo iwe mpya, kwani nailoni iliyokwisha kufunguliwa imepoteza mshiko wake. Mwisho kaza nati ya kufungia, ncha ikiwa imeshikwa isizunguke.

Ama ncha ya ndani, rai yangu ni kwamba apewe fundi. Huhitaji zana yake maalumu, na reki isiposhikwa kwa spana ya pili wakati wa kufungua, meno yake huumia. Na reki haifanani kwa bei na ncha. Aidha, watumishi wanaoendesha gari za Serikali wasilichukulie somo hili kuwa ni ruhusa. Wajibu wao ni kuandika kasoro katika daftari la gari na kuipeleka karakana.

Kazi ikimalizika, gari ipelekwe kupigwa alaimenti. Kwa mkaazi wa mbali na mjini, kipo kipimo cha muda. Nyoosha usukani, isukume gari mbele hatua chache itulie, tia alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele upande wake wa nyuma, kwa kimo cha kitovu au chini yake kidogo utepe ukizuiwa, na upime baina ya alama mbili. Isukume gari mbele mpaka alama zizunguke na kufika upande wa mbele kwa kimo kilekile, upime tena. Hesabu mbili zikipishana kwa zaidi ya milimita mbili au tatu, legeza nati za kufungia na uzungushe fimbo zote mbili kwa kiasi sawa. Ukirekebisha upande mmoja tu, usukani utakaa upogo gari inapokwenda sawasawa.

Siku ya kwanza endesha polepole karibu na nyumbani, ujaribu kukata kona kushoto na kulia mpaka mwisho na usikilize. Baada ya kilomita mia moja inua gari tena, utikise gurudumu, na uitazame pini.