Pikipiki Kuukuu na Maji ya Kilombero

Daraja la Magufuli kwenye Mto Kilombero lilimwondolea msafiri wa Ulanga na Malinyi adha ya kivuko. Lakini njia za mashambani bado ziko majini. Masika yakikolea, Mto Lumemo hupanda, vijia vya kwenda kwenye mpunga hugeuka mifereji, na pikipiki iliyokwisha kubeba magunia ya misimu mingi hupitishwa humo humo. Nyingi haziuawi na uzee. Huuawa na mwenyewe, anapopiga kiki mara ishirini wakati injini imejaa maji.

Ikizima majini, isukume hadi pakavu. Usiguse kiki wala stata. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na pistoni ikapandishwa kwa nguvu, konrodi hupinda, na hapo fundi atafungua injini nzima. Toa plagi kwanza, ndipo ukanyage kiki taratibu, maji yatoke kwa tundu lake. Funga koki ya petroli, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, umwage yaliyotuama. Chujio la hewa la sponji likamue ulianike; la karatasi likishalowa, badilisha.

Sasa tazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hata kama injini inakubali kuwaka, usiiwashe. Mwaga oili yote, tia mpya, washa dakika chache bila mzigo, umwage tena. Rudia mpaka weupe uishe. Najua hilo linauma mfukoni kabla ya mavuno, lakini bering zilizozunguka kwenye oili yenye maji hazidumu. Na nunua oili ya pikipiki ya stroki nne: katika pikipiki nyingi za huku klachi huogelea katika oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze.

Cheni nayo hutaka jicho. Tope likikaukia humo husaga kama msasa. Isugue kwa brashi na mafuta ya taa, mbali na moto wa jikoni, uifute, kisha uipake oili. Ishike katikati, upande wa chini: ichezeke juu na chini kiasi cha vidole viwili. Ukirudisha klipu ya kiungo, upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda; ikigeuzwa, kijiti tu kinaweza kuichomoa njiani. Meno ya sproketi yakipinda kama kucha za paka, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja.

Kiangazi, vumbi likitanda, kagua chujio la hewa kila wiki. Plagi itakuambia hali: kahawia ni njema, masizi makavu ni dalili ya chujio kuziba, na ikilowa oili peleka kwa fundi, huenda ringi zimekwisha.

Baada ya kuvuka maji, endesha polepole ukigusagusa breki mpaka zikauke na kushika, ndipo umpakie mtu.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Bonde hili la Kilombero limo katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar tangu 2002, na maji ya mtaro huishia kwenye majaruba tunayolima. Itie kwenye dumu, ulifunge, uliweke mbali na watoto.