Kerneli Ikigoma Kujengwa, Tafuta Kosa la Kwanza

Anayekompaili kerneli ya Linux mwenyewe hatakosa kukutana na mstari huu mwishoni mwa terminali: `make: *** [Makefile] Error 2`. Wengi huunakili na kuomba msaada nao, na hawapati jibu, kwa kuwa hauna habari yoyote ndani yake. Unasema tu kwamba kazi ya ndani imeshindwa na ya nje nayo ikaacha. Kosa lenyewe limeandikwa juu zaidi, pengine mistari mia nyuma. Ukitumia `make -j8`, kazi nane zinaandika kwenye skrini kwa pamoja. Moja ikianguka, zilizobaki zinaendelea kidogo na kulifunika kosa.

Kwa hiyo usiguse chochote kwanza. Endesha `make` tupu, bila `-j`. Yaliyokwisha kujengwa hayarudiwi. Itaendelea na yaliyobaki na kusimama palepale penye kosa. Au hifadhi kila kitu kwenye faili, kisha tafuta humo:

make -j4 2>&1 | tee jenzi.log
grep -nE 'error:|\*\*\*|not found' jenzi.log | head

Soma jibu la juu kabisa. Mengi yanayofuata ni matokeo yake.

Kosa likitokea mapema, mara nyingi kuna kifaa hakipo: «flex: not found», «gelf.h: No such file or directory», «openssl/bio.h: No such file or directory». Kuwa na openssl kwenye mashine hakutoshi. Kompaila inahitaji faili za vichwa, nazo huja katika vifurushi vinavyoishia na `-dev`. Kwenye Debian na Ubuntu, amri hii inamaliza sehemu kubwa ya matatizo hayo:

sudo apt install build-essential flex bison bc libssl-dev libelf-dev libncurses-dev dwarves

Kosa linalowasumbua zaidi watumiaji wa Ubuntu ni hili: «No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'». Chanzo chake ni usanidi ulioazimwa. Ulinakili `/boot/config-$(uname -r)` na kuuita `.config`, jambo zuri kabisa, lakini usanidi huo unataja cheti kilichomo kwenye msimbo wa Ubuntu pekee. Msimbo ulioupakua kutoka kernel.org hauna faili hiyo. Debian ina cheti chake pia, na kosa lake hufanana na hili. Futa majina hayo:

scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
make olddefconfig

Amri ya mwisho inajaza chaguo mpya kwa majibu ya kawaida. Kumbuka pia kwamba Secure Boot ikiwa imewashwa, kompyuta itaikataa kerneli uliyoijenga hadi uitie saini kwa ufunguo wako na kuusajili, au uzime ulinzi huo.

Ukiona «Killed signal terminated program cc1», msimbo hauna kosa. RAM imekwisha na mfumo umeiua kompaila. Thibitisha kwa `sudo dmesg`, ukitafuta maneno «Out of memory», kisha punguza kazi hadi `-j2` au ongeza swap. Dawa bora zaidi kwa mashine ndogo ni kupunguza kazi yenyewe. Taarifa za utatuzi hula diski kwa makumi ya gigabaiti na kuifanya hatua ya mwisho ya kuunganisha iwe nzito mno. Zizime ndani ya `make menuconfig`, chini ya Kernel hacking. Kisha `make localmodconfig` itabakiza moduli zinazotumika wakati huo tu. Ndiyo maana uchomeke kwanza modemu, printa na flashi unazozitumia, la sivyo utazikosa baadaye.

Kerneli ya zamani na kompaila mpya hazipatani daima. GCC 15 ilianza kutumia kiwango cha C23 kama kawaida yake, na humo `bool`, `true` na `false` ni maneno ya lugha yenyewe. Msimbo wa zamani uliokuwa ukiyafafanua unakataliwa. Chukua toleo dogo la karibuni la tawi lako, au tumia kompaila ya zamani kwa `make CC=gcc-13`. Kama kinachokusimamisha ni onyo lililogeuzwa kosa, zima `CONFIG_WERROR`, iliyoingia katika toleo la 5.15.

Umeme ukikatika katikati, faili za `.o` zinaweza kubaki tupu, na baadaye kiunganishi kitalalamika «file not recognized». Usihangaike kuzitafuta moja moja: `make clean` inafuta yaliyojengwa na kuacha `.config` yako salama. Usiichanganye na `make mrproper`, ambayo inafuta na usanidi.

Na ikiwa kompaila inaanguka kwa «internal compiler error: Segmentation fault», kila mara kwenye faili tofauti, acha kuushuku msimbo; shuku joto la mashine au RAM mbovu. Safisha feni, kisha ipime RAM usiku kucha kwa Memtest86+.