SOMO LA FASIHI: KINTU, NAMBI NA KIFO

Mara nyingi mwanafunzi akisikia hadithi ya Kintu huuliza swali moja: "Mwalimu, hadithi hii ni kweli au uongo?" Akijibiwa kwamba ni kweli, hucheka, akijibiwa kwamba ni uongo, hufunga daftari lake, maana haoni faida ya kujifunza uongo. Swali lake si baya, lakini halitoshi. Katika somo hili tutaitazama hadithi hiyo ya Waganda, tuone imefanya kazi gani katika imani, katika desturi na katika vitabu; kisha kila msomaji atajipatia jibu lililo bora kuliko "kweli" au "uongo".

Kwanza yafaa tujue majina. Hadithi za kale ziko za namna nyingi. Ziko ngano, kama zile za sungura na fisi, ambazo msimulizi mwenyewe hadai kwamba zilitokea. Ziko visakale, yaani habari za mashujaa na wafalme, ambazo huenda zina chembe ya historia ndani yake. Tena ziko visasili, ambazo hueleza asili ya mambo makubwa: mtu alitoka wapi, kifo kililetwa na nani, kwa nini jua huchwa. Visasili huaminiwa na wenyewe, nazo husimuliwa kwa heshima. Hadithi ya Kintu ni kisasili. Lakini, kama tutakavyoona, imechanganyika na kisakale pia.

Hadithi yenyewe

Hadithi yasimuliwa hivi. Zamani sana Kintu alikaa peke yake katika nchi, hana mwenzi ila ng'ombe wake mmoja, ambaye ndiye aliyempa chakula. Siku moja Nambi, binti Ggulu, mwenye mbingu, alishuka pamoja na ndugu zake, akamwona, akampenda. Ndugu zake hawakupendezwa. Wakamchukua yule ng'ombe juu, ili wamjaribu mtu huyu. Kintu alimfuata ng'ombe wake mpaka mbinguni, na huko Ggulu akampa majaribu. Alitiwa katika nyumba yenye chakula cha kuwashibisha watu mia, akaambiwa akimalize chote. Akaona shimo, akakitia humo. Akapewa shoka la shaba akate kuni za mwamba. Akapata mwamba wenye nyufa. Akaambiwa alete maji yasiyo ya ziwa wala ya kisima. Mtungi wake ukajaa umande. Mwisho akaambiwa amtambue ng'ombe wake katika makundi makubwa, na nyuki akamwonyesha.

Basi Ggulu akaridhika, akamtoa binti yake. Lakini aliwaonya: "Ondokeni upesi, wala msirudi nyuma hata mkisahau kitu, maana Walumbe ndugu yake akijua, atataka kuwafuata." Wakashuka na wanyama wao, na kuku, na mgomba. Njiani Nambi akakumbuka kwamba amesahau ulezi wa kumlisha kuku. Kintu alimkataza, asisikie. Akarudi, na Walumbe akamwona, akamfuata mpaka duniani.

Miaka ikapita, Kintu na Nambi wakapata watoto. Walumbe akaja kuomba mtoto mmoja awe wa kumpikia. Kintu akakataa, na watoto wakaanza kufa. Kintu akapanda kwa Ggulu kulalamika. Ggulu akamkumbusha lile onyo, lakini hata hivyo akamtuma mwanawe mwingine, Kayikuzi, amkamate Walumbe na kumrudisha. Kayikuzi akaamuru watu wote wakae ndani, na mtu yeyote asipige kelele atakapomwona Walumbe. Walumbe alikuwa amejificha chini ya ardhi. Kayikuzi akamfukuza akichimba shimo baada ya shimo, mpaka akamtoa nje; lakini watoto waliokuwa malishoni wakamwona, wakapiga kelele, na Walumbe akazama tena. Kayikuzi akachoka, akarudi mbinguni. Kintu akasema kwamba Walumbe na aue apendavyo, lakini hatawamaliza watoto wake, maana Nambi ataendelea kuzaa.

Hadithi ndani ya lugha na desturi

Msomaji anayejua Kiswahili ataona mara moja kwamba majina haya si ya kubahatisha. Katika Luganda, omuntu ni mtu na ekintu ni kitu. Eggulu ni mbingu. Olumbe ni ugonjwa wa kufisha au kifo. Jina la Kayikuzi lahusu kuchimba na kufukua. Kwa hiyo hata mtu asiyejua hadithi yote hukutana nayo kila siku mdomoni mwake.

Neno olumbe lina kazi nyingine pia. Mtu mzima akifa, baada ya maziko jamaa hukusanyika siku iliyopangwa kwa sherehe ya mwisho ya matanga, iitwayo okwabya olumbe, kana kwamba kifo chenyewe kinavunjwavunjwa na kutawanywa. Siku hiyo mrithi husimamishwa mbele ya ukoo, amevaa nguo ya gome la mti. Mrithi mwanamume hupewa mkuki. Mrithi mwanamke hupewa kisu na kikapu. Fikiri maana yake: Walumbe amechukua mmoja, na ukoo wamsimamisha mwingine mahali pake. Hayo si maneno yale yale ya Kintu, kwamba hatawamaliza? Katika hadithi maneno hayo hutamkwa. Katika sherehe hutendwa. Na wanaofanya sherehe hiyo leo wengi wao ni Wakristo na Waislamu, ambao hawamwabudu Ggulu wa hadithi hata kidogo.

Huko Tanda, upande wa Mityana, yako mashimo mengi marefu ardhini. Masimulizi husema kwamba ndiyo yaliyochimbwa na Kayikuzi alipomfukuza Walumbe. Watu huyatembelea, wengine huenda kutazama tu, wengine huenda kuomba na kutoa sadaka. Hapo twaona jinsi hadithi inavyoshika mahali, na mahali napo pakaishika hadithi isisahauliwe.

Kintu wawili

Sasa tuje kwenye jambo gumu kidogo. Mwaka 1901 Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro wa Buganda, alichapisha kitabu chake cha habari za wafalme, Bassekabaka b'e Buganda. Katika orodha yake mfalme wa kwanza ni Kintu. Lakini Kintu huyu wa wafalme aliingia nchini na watu wake, akamshinda mtawala aliyeitwa Bemba, ambaye masimulizi humwita nyoka. Tena Waganda wenyewe husema kwamba ziko koo ambazo Kintu alizikuta nchini. Huitwa banansangwa, yaani waliokutwa.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kama Kintu alikuwa peke yake na ng'ombe wake, hao waliokutwa walitoka wapi? Ndipo tunapotambua kwamba jina moja limebeba hadithi mbili. Moja ni kisasili, nayo huuliza kwa nini tunafa. Ya pili ni kisakale, nayo huuliza kwa nini tunatawaliwa na mfalme huyu, wala si mwingine. Wanahistoria huichunguza ile ya pili kwa uangalifu, wakitafuta chembe za mambo yaliyotokea. Ile ya kwanza hawaipimi kwa tarehe, maana haikutungwa kwa kazi hiyo. Anayezichanganya atakosea zote mbili.

Hata hivyo kisakale nacho kina nguvu mpaka leo. Ufalme wa Buganda ulifutwa mwaka 1967 pamoja na falme nyingine za Uganda. Uliporudishwa mwaka 1993, Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II alitawazwa tarehe 31 Julai katika kilima cha Nagalabi, Budo, mahali ambapo masimulizi husema ndipo Kintu alipomshinda Bemba. Serikali ilitoa sheria, lakini sheria peke yake haikutosha. Ilihitajiwa na hadithi. Tena Kintu husemwa kwamba hakufa, bali alitoweka huko Magonga. Kwa sababu hiyo ni mwiko kusema kwamba Kabaka amekufa. Husemwa kwamba moto umezimika.

Hadithi katika vitabu

Hadithi ya kale haifi ikiingia kitabuni. Hubadilisha nguo tu. Mmisionari John Roscoe aliiandika kwa Kiingereza katika kitabu chake The Baganda cha mwaka 1911, na tangu hapo imesomwa na watu wasiowahi kufika Uganda. Mwaka 2014 Jennifer Nansubuga Makumbi alitoa riwaya yake iitwayo Kintu, iliyopigwa chapa Nairobi. Kintu wa riwaya hiyo ni mtu mwingine, mtawala wa jimbo katika mwaka 1750, ambaye kwa kofi moja alimwua kijana aliyemlea kama mwanawe. Laana ya tendo hilo yawafuata wazao wake mpaka mwaka 2004. Ona jinsi mwandishi alivyotumia urithi wake: hakuisimulia upya hadithi ya zamani, bali alilichukua jina la baba wa wote pamoja na lile swali la kale, kwamba kosa la mzazi laweza kuwaangukiaje watoto.

Wala jambo hili si la Waganda peke yao. Wayunani wa kale walisimulia habari za Orpheus, mwimbaji aliyekwenda kuzimu kumtoa mkewe. Aliruhusiwa, kwa sharti asigeuke kumtazama njiani, akageuka, akampoteza. Washairi wa Roma, Virgil na Ovid, waliiandika habari hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na watungaji wa Ulaya hawajaacha kuirudia. Katika nchi iitwayo sasa Iraki, vibao vya udongo vilihifadhi habari za mfalme Gilgamesh, aliyepata mmea wa kumrudishia ujana, na nyoka akamwibia alipokuwa akioga. Hatusemi kwamba hawa waliiga kwa wale. Twasema kwamba kila taifa lilizika wapenzi wake, likauliza swali lile lile, na mara nyingi likajibu kwa namna moja: tulikaribia kuokoka, tukasahau jambo dogo.

Mambo mawili ya kufikiri

La kwanza ni habari za Nambi. Wako wanaoitumia hadithi hii kuwakemea wanawake, wakisema kwamba kifo kililetwa na mwanamke mkaidi. Lakini tuisome yote, tusisome nusu. Nambi ndiye aliyempenda Kintu alipokuwa mpweke. Ndiye aliyeacha nyumba ya baba yake, akaja duniani na mgomba, ambao ndio chakula cha Buganda. Alirudi kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kumlisha kuku. Na Walumbe alipokaribia kukamatwa, waliovunja amri ni watoto, ambao hakuna anayewatukana. Basi anayemtwika Nambi mzigo wote hasomi hadithi; asoma moyo wake mwenyewe. Tukikutana na hadithi yoyote ya kale, tuangalie nani anaisimulia, na anataka nini kwa kuisimulia.

La pili ni kubwa zaidi, maana lahusu uhai. Wako watu ambao, ugonjwa ukiingia nyumbani, hukunja mikono na kusema, "Walumbe amekuja, tutafanya nini?" Hao wamesahau Kintu alifanya nini. Kintu alimkatalia Walumbe mtoto. Watoto walipougua hakukaa barazani akilia; alisafiri mpaka kwa Ggulu kutafuta msaada, akaupata, na Walumbe akafukuzwa shimo kwa shimo. Alikubali kushindwa baada ya kujaribu kila njia, si kabla. Kwa hiyo mtu ampelekaye mtoto wake hospitali mapema hajaiacha hadithi ya wazee. Ndiye hasa anayeifuata. Yule anayekaa bure akimtaja Walumbe ndiye asiyeielewa.

Turudi sasa kwenye swali letu. Je, hadithi ya Kintu ni kweli au uongo? Tukiuliza kama kuna mtu aliyekata kuni za mwamba kwa shoka la shaba, swali hilo halina kazi hapa. Lakini tukiuliza kama ni kweli kwamba kifo kimekaa kati yetu kama ndugu tusiyemwalika, kwamba mara nyingi huingia kwa mlango wa jambo dogo, na kwamba hakijaweza kuwamaliza watoto wa watu, basi kila aliyekwisha kusimama kaburini ajua jibu. Likizo ijayo, ukikaa na bibi au babu yako, mwombe akusimulie hadithi ya kwenu juu ya asili ya kifo, uiandike kama anavyoitamka, usiitengeneze. Wazee ni wachache, na Walumbe hana haraka wala hasahau.

MASWALI

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya ngano, kisakale na kisasili. Toa mfano mmoja wa kila namna kutoka kwenu.

2. Kintu aliyekuwa peke yake na Kintu aliyewakuta watu nchini wanatofautianaje? Kila hadithi yajibu swali gani?

3. Sherehe ya okwabya olumbe yafananaje na maneno ya mwisho ya Kintu?

4. "Nambi ndiye aliyeleta kifo." Andika insha fupi ya kulikubali au kulikataa neno hili, ukitumia hadithi yote.