Cheche na Kuni za Vita
Somo: Yakobo 4:1–3

Wapendwa, kila vita vina cheche na vina kuni. Cheche ya vita vya 1914 ilikuwa mauaji ya Sarajevo, tarehe 28 Juni. Kuni zilikusanywa zamani: mataifa ya Ulaya kugombea ukubwa na makoloni, kulimbikiza silaha, na kufungamana kwa mikataba. Moto ukawafikia wasiohusika. Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro, Wajerumani wakarudi nyuma kupitia Uluguru, na Waafrika wakatwishwa mizigo ya pande zote mbili.

Cheche ya vita vya Kagera ilikuwa majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka, Oktoba 1978. Kuni zake ni utawala ulionyakuliwa kwa bunduki mwaka 1971, uadui na Tanzania iliyompokea Obote, na maasi ndani ya jeshi. Askofu Mkuu Janani Luwum alikemea mauaji, naye akauawa Februari 1977.

Vile vya kwanza vilitokana na mashindano ya mataifa mengi. Hivi, na hofu ya mtawala mmoja. Lakini Yakobo atuonyesha shina moja: tamaa za moyo. Basi tujiulize: nyumbani na mipakani mwa mashamba yetu, tunakusanya kuni gani?